Kinachorudi

Saa nane usiku, Lille. Nahesabu kinachorudi.
Huko juu, kilomita mia saba, setilaiti
inapiga mwanga wa kijani, mpigo baada ya mpigo,
kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba isiyo na mlango.
Karibu wote unapotea: baharini, mashambani,
juu ya paa la kiwanda kilichofungwa.
Chembe chache tu hurudi na habari.

Leo zimerudi na wingu lisiloonwa na jicho,
barafu nyembamba kuliko utando wa maziwa yaliyopoa.
Ukilala chali uwanjani utaapa kwamba anga ni safi.

Lisemwalo lipo. Mimi nimeajiriwa kwa lisilosemwa.

Chini yake, tabaka pana la rangi ya chungwa
(rangi niliichagua mwenyewe, mwaka ule wa talaka):
vumbi la jangwani, limevuka Mediterania bila pasipoti.
Alfajiri litaanguka na manyunyu, litie madoa kwenye magari,
na jirani yangu Bi Delattre atawalaumu njiwa.

Babangu alichimba makaa huko Liévin, miaka ishirini na sita.
Siku moja daktari alipachika picha kwenye ubao wa taa.
Pembeni, jina letu, Wachowiak, limekosewa herufi mbili.
Katikati, mapafu, na ndani ya mapafu
mawingu membamba.
Daktari akaeleza kwa kirefu, kalamu mkononi.
Baba akakohoa, akauliza kama itanyesha.

Vumbi ni vumbi, watu husema. Mwanga hausemi hivyo.
Tone la mviringo huurudisha ulivyokuja;
punje yenye pembe huupotosha.
Kwa upotovu huo nautenga mchanga na moshi,
barafu na maji. Wa makaa
hatukuupimia chochote. Tulifua mashati tu.

Setilaiti yenyewe imezeeka. Leza inachoka,
sanduku lake linavuja hewa kidogo kidogo,
wakubwa wamekwisha kuandika barua ya kuizima.
Kila mpigo ni hafifu kuliko wa jana,
na bado inabisha.

Saa kumi na moja. Naandika kimo, unene, saa.
Navaa koti, nashuka ngazi.
Nje kunanyunya,
na Bi Delattre, kitambaa mkononi,
tayari anawatukana njiwa.