Usivute

Saa tisa usiku, Muyeye, umeme umekatika,
nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikiutazama ukuta.
Nimechora kwa chaki vipimo sita vya dashibodi:
mwendo, mwinuko, dira, na vingine ambavyo Mama
aliviuliza siku ya kwanza akaishia kucheka:
"Yote haya, na huko juu hakuna hata foleni?"

Mwiko wa ugali ndio usukani wangu.
Miguu juu ya kandambili, kulia, kushoto,
nakata kona kuelekea Sabaki bila kutoka chumbani.
Mafuta, yametosha. Milango, imefungwa.
Mkanda ni leso ya dada yangu Dhahabu, fundo moja kiunoni.
Halafu redio. Hapo ndipo koo hufunga.

Mara ya kwanza nilianguka kabla ya kupaa.
Magurudumu bado yamesimama,
mnara ukaniuliza mimi ni nani
nikasahau jina la ndege.
Herufi zilikuwa ubavuni, kubwa kama mbuzi,
miezi minane nilikuwa naziosha kwa sabuni.
Kapteni Wekulo hakusema neno. Aliandika.
Kalamu ile naisikia hata nikikuna nazi.

Kila mtu ana dawa. Kunywa maziwa moto, lala mapema.
Shangazi Mbodze kaniletea hirizi;
nimeiweka ndani ya kitabu cha hali ya hewa, ukurasa wa mawingu.
Mwenzangu Shee humeza vidonge vya kichwa kisichomuuma.
Mimi hukojoa. Mara nne kabla ya adhana,
na mara mbili nyingine uwanjani.

Kuna fomu ya uzito, huijazwi ukishapaa.
Rubani: kilo hamsini na nne.
Mtahini: themanini na tano, kwa maneno yake mwenyewe.
Mizigo: chupa ya maji.
Hakuna mstari wa kuandika ng'ombe watatu wa Baba kule Marafa,
wala michango ya chama, mwezi baada ya mwezi,
wala wanawake wa sokoni wanaoniita Rubani tayari
na wakizidisha, Kapteni.
Kwa hesabu zangu mimi, ndege hii haiinuki.

Iliinuka.
Kusi ilikuwa imeijaza soksi ya upepo,
nikaufuta mkono kwenye suruali, nikabonyeza,
na herufi zikatoka moja moja, zote,
kwa sababu nilikuwa nimeziandika kwa kalamu juu ya goti.
Ndiyo, niliziandika. Hakuna sheria inayokataza goti.

Juu ya Gongoni, mashamba ya chumvi yamelazwa
kama vioo ambavyo fundi amesahau kuvibandika.
Kapteni akasema: Nionyeshe ikikosa pumzi.
Nikapunguza moto. Pua juu. Juu zaidi.
Mwendo ukayeyuka, king'ora kikalia kama mtoto wa paka,
bawa likaanza kutetemeka,
na tetemeko hilo nikalitambua:
ni magoti yangu ya saa tisa usiku.
Mwili wote ukaniambia unachoniambia siku zote:
vuta. Ng'ang'ania. Vuta.

Usivute.
Hapa anayevuta ndiye anayeanguka.
Legeza vidole, acha pua iitazame ardhi,
vumilia tumbo linavyopanda kifuani,
bawa lipate hewa yake,
na mwendo, ambao hukuuita, utarudi.

Ulirudi. Paka akanyamaza.
Nilisikia mtu akipumua kwa kelele
na sikuwa na hakika ni nani kati yetu wawili.

Tuliposhuka akaandika tena, kalamu ile ile.
Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni,
akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu,
kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, choo kiko wapi.

Nikamwelekeza.
Njia hiyo naijua vizuri.