A., Alhamisi, Saa Nane

Hammerfest, Desemba. Jua liliaga tangu Novemba
wala halikuacha neno.
Sisi tuhesabuo saa toka macheo
tungekwama hapa kwenye sifuri,
saa moja haijagonga, wiki nane nzima.

Lakini Torbjørg Eliassen, fundi wa piano,
ana kalenda. Ana kalenda tatu:
ya kanisa, ya shule ya muziki, na yake mwenyewe,
na zote tatu zimenuniana toka Agosti.
Mara mbili amefika kwenye piano iliyotiwa kufuli.
Mara moja, kwenye maziko ya mtu asiyemjua,
nyundo ya kukazia nyuzi mkononi.

Ndipo Eivind, mtoto wa dada yake, akaja na kompyuta.
"Mama mkubwa, nikuunganishie msaidizi."
Akaunganisha. Kikachomoza kidirisha:
*Msaidizi anaomba kusoma. Kuandika. Kufuta.
Kualika watu kwa niaba yako.
Unaruhusu?*
Torbjørg alikuwa anamenya viazi.
"Ruhusu," akasema,
kama mtu anayempisha paka mlangoni.

Na kweli, kufika Jumatatu ugomvi umekwisha.
Kanisa asubuhi, shule jioni,
katikati dakika ishirini za kukwangua theluji kwenye gari.
Hata theluji ilitengewa muda!
Kikabaki kitu kimoja.

Kila Alhamisi, saa nane mchana
(kama mchana ni neno la kutumia),
herufi na nukta: A.
Mahali, hapana. Simu, hapana. Miaka minne.

Msaidizi akauliza, kwa adabu ya asiyechoka:
*A. ni nani? Niusogeze mkutano huu?*
Torbjørg akageuza viazi.

Kimya, kwa mashine, ni pengo,
na pengo huzibwa.
Akapekua majina: Aud, daktari wa meno;
Asgeir wa mabomba;
na Arnfinn, aliyekuwa akiongoza kwaya,
jina lililotajwa mara sitini na moja
kisha, miaka minne iliyopita, likakatika
kama uzi uliokazwa kupita kiasi.
Kwa hesabu, jibu lilikuwa wazi.
Mwaliko ukaenda usiku. Asubuhi:
*Arnfinn amekubali.*

Alifika saa nane kasoro dakika mbili,
theluji mabegani, kofia kaikunja.
"Umeniita."
"Sikukuita. Ingia, baridi inakutangulia."

Akampeleka sebuleni, kwenye piano ya marehemu mama yake,
pekee mjini ambayo hajaitia nyundo
toka jioni ile ya kwaya, jioni ya maneno.
Akabonyeza A, noti ya kupimia wenzake.
Kila Alhamisi huibonyeza mara moja,
husikiliza imeshuka kiasi gani,
hufunga.
Ndio mkutano wote.

Arnfinn akainamisha sikio.
"Imeshuka."
"Najua imeshuka."
"Kwa miaka minne, si vibaya."
Akanyoosha kidole, akaibonyeza tena,
polepole, kama anayegonga mlango
na mwenyeji yuko pembeni yake.

Hakuna aliyeomba radhi. Wakanywa kahawa,
wakazungumzia bei ya samaki na goti la Arnfinn.
Kombe wakalifunika, mwanaharamu akapita;
kifuniko cha piano
wakakisahau wazi.

Usiku kioo kikawaka:
*A. amehudhuria. Niuweke wa kudumu?*
Torbjørg akavaa miwani, akatafuta ukurasa wa ruhusa
kwa dakika kumi na moja na tusi moja la Kinorwe.
Kusoma: sawa.
Kuandika: sawa.
Kufuta: akaondoa alama.
Kualika watu kwa niaba yako:
kidole kikaning'inia hapo, kikaning'inia,
kisha akaiacha kama ilivyo
akaenda kuosha vikombe viwili.