Pointi Mbili

Tulishindwa kwa pointi mbili.
Ndara moja, ya mguu wa kushoto,
ilikwama mtaroni nyuma ya choo
na jaji mwenye miwani akaiona.

Wiki tatu tulizoa. Makokha alipaka chokaa
hadi mawe ya jirani.
Matairini tukapanda sukumawiki.
Watoto walikatazwa hata kutafuna muwa.

Ua wa kina Nyaboke ukapewa tangi la maji;
vigelegele vyao, Dandora nzima ilivisikia.
Sisi tukakunja mikono, tukanuna.

Jumatatu, jua bado,
nasikia ufagio: shwa, shwa.
Mama Nafula, kainama peke yake.
"Majaji walishaenda," namwambia.
"Na vumbi?"

Nikarudi ndani kuchukua koleo.
Ndara ile ni yangu.