Zabuni ya Theluji

Kaka yangu Ensio alikuwa na trekta moja,
koleo lake la mbele limepinda
tangu siku lilipogonga ukuta wa kanisa.
Mimi nilikuwa na kalamu.
Hiyo ndiyo iliyokuwa kampuni yetu.

Zamani mji ulifunga mlango miaka minne.
Aliyewahi, kawahi. Aliyechelewa siku moja
alisimama dirishani akitazama malori ya watu wa Oulu
yakikwangua uwanja wa shule aliyosoma yeye,
akainywa kahawa yake kimya.

Ndipo Tuija wa idara ya manunuzi akanikuta dukani,
mkono wake umo ndani ya gunia la viazi, akanambia:
"Siku hizi orodha inapumua, Saimi.
Haifungwi. Njoo leo, njoo Februari,
mradi karatasi zako ziwe safi."

Nikapekua masanduku.
Cheti cha kodi, tunacho.
Bima tunayo, ila ya trekta tuliloliuza; nikaibadili.
Tamko kwamba hatujafilisika wala kuhukumiwa:
Ensio akauliza kama ile faini ya uvuvi inahesabika.
Haihesabiki.
Makundi yalikuwa tisa, na mkono ulinitetemeka
nikitaka kutia alama yote tisa, paa, mchanga,
barabara kuu, miti iliyoangushwa na upepo.
Lakini mdomo mpana hauongezi tumbo.
Nikachagua moja: nyua za shule na chekechea.
Siku ya nane wakajibu, mmekubaliwa.

Tukala keki. Tukadhani tumeshinda.

Kumbe kuingia ukumbini si kupakuliwa.
Mwaliko wa kwanza ulilala siku kumi
kwenye kikasha cha barua taka,
kati ya dawa za upara na bahati nasibu.
Nilipoufungua ulikuwa maiti.
Wa pili waliuliza bei kwa mita ya mraba,
mimi nikaandika kwa saa, kama alivyozoea baba.
Wakatuondoa bila hasira.
Wa tatu tulishindwa kwa pointi mbili.
Hapo nilitaka kununa. Nikaandika badala yake:
niambieni kwa nini.
Wakaniambia.
Haikuwa bei.
Walitaka kujua nani ataamka.

Wa nne niliujibu usiku, taa moja ikiwaka,
nikaandika ukweli: kwamba Ensio halali
tangu mkewe alipohamia Tampere,
kwamba saa tisa za usiku humsikia jikoni
akihamisha vikombe kutoka rafu hii kwenda ile.
Nikafuta.
Nikaandika: *Theluji ikifika sentimita tano,
trekta litakuwa uwanjani saa kumi na moja na nusu alfajiri.*
Ni maneno yaleyale, yamevaa koti.

Shule moja. Chekechea moja. Msimu mmoja.
Si utajiri; ni dizeli, na koleo jipya,
na watoto wakifika wakute njia nyeusi
iliyonyooka kati ya kuta mbili nyeupe,
wasijue kuna mtu aliyetangulia.

Januari akaja Taisto Moilanen wa ng'ambo ya ziwa,
akakung'uta buti mlangoni muda mrefu kupita kiasi.
"Ule mlango wa mji," akasema,
"bila shaka ulishafungwa."

Nikamimina kahawa polepole.
Nikahesabu: trekta lake la mwaka juzi,
mwanawe mwenye mabega ya miaka ishirini.
Mwaliko ujao ungekuja kwangu, na ungekuja kwake,
saa ileile, barua ileile.
Uongo wenyewe ulikuwa mdogo,
ungetosha kwenye kijiko cha sukari.

"Haufungwi," nikasema,
nikamsogezea kalamu.

Ila mimi si malaika.
Habari ya mita za mraba sikumwambia.

Nilimpigia usiku uleule, saa tisa.
Niligeuka, na Ensio amesimama mlangoni,
kikombe mkononi, anasikiliza.