Mbele ya Sindano

Niliinunua kwa muuza maziwa wa Mambrui,
rangi yake ilikuwa nyekundu zamani,
na hadi leo jua la saa saba likiipata
yanuka mtindi.
Nimeisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya unga.
Mtindi haujasahau.

Miaka kumi na tisa nimekalia kigoda cha cherehani
hapa Maweni, ubavuni mwa duka la viatu,
nikishona sare za watoto wa watu.
Basi siku nilipoikokota hadi kibarazani
vijana wa stendi walinizunguka kama harusi imeingia:
Mama Mbeyu, tia bendera! Tia taa za buluu!
Tia silensa inayokohoa, waisikie hadi Ganda!
Nikatia. Kwa nini nisitie?
Nikatia vishada vya nyuzi kwenye ncha za usukani,
kioo chenye umbo la kopa,
honi ya sauti tatu, ambayo ya tatu ilikufa njiani.
Kiti nilikishona mwenyewe:
reksini nyeusi, na pembeni masalio ya sare,
kijani, zambarau, kijivu,
na mshono mmoja ukaenda upande
kwa sababu Baya, kitindamimba wangu, alipiga honi.

Ilipendeza. Ila haikwenda.
Yaani mimi ndiye sikwenda:
naachia klachi, inaruka kama mbuzi aliyeng'atwa na siafu,
inazima. Kiki. Inaruka. Inazima.
Mtaliano mmoja alisimama na mbwa wake kutazama.
Piano, piano, akasema,
na mbwa akaketi kabisa.

Fundi Thoya hakucheka.
Huyo spana ndiyo humsemea.
Alikiteremsha kiti vidole vitatu
hadi nyayo zangu zikaipata nchi,
akausogeza mkono wa klachi ufuate vidole vyangu vifupi.
"Hili ndilo pambo," akasema. "Hizo nyingine kelele."
Kisha akapanga ndala kumi nyuma ya uwanja wa mpira.
"Pita kati. Polepole. Mbio kila mtu anaziweza."

Nikazikanyaga zote.
Wiki ya pili, saba.
Wiki ya tatu, tena zote.

Halafu ile asubuhi ya njia ya Ganda,
sare arobaini nyuma yangu, zimefungwa kwa mpira.
Niliuona mchanga, nikautazama mchanga,
nikaenda mchangani kama niliyeitwa kwa jina.
Kopa ikavunjika. Goti nalo likafunguka.
Mama aliyekuwa akipalilia aliacha jembe,
akanisaidia kuinyanyua, hakuuliza pole wala nini,
ila, "Hizi ni za darasa la ngapi?"

Usiku, goti limefungwa kitambaa,
nilikuwa nashona kola ya mviringo
na mkono wangu ukafanya ufanyavyo siku zote:
ukapunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake,
macho yakatangulia mbele ya sindano,
maana anayeitazama sindano hushona upande.
Wasichana wangu wote nimewaambia hivyo
nikiwagonga rula vidoleni.
Nikalishika gurudumu la cherehani, likasimama.
Miaka kumi na tisa!
Na Thoya nimemlipa kwa mafungu.

Jumamosi nilipita kati ya ndala tisa.
Ya kumi ilikuwa yake mwenyewe.
Aliiokota, akaikung'uta, akaivaa,
akarudi kwenye kabureta ya mtu.

Bendera nimeing'oa, ilikuwa ikinipiga machoni.
Silensa ya zamani imerudi, vijana wamenuna.
Vishada nimeviacha:
pale daraja la Sabaki huniambia
upepo unanisukuma kutoka wapi.

Baya aniuliza lini nitaufumua
ule mshono wa kiti ulioenda upande.
Naukalia.