Bisibisi Mdomoni

Julai, Newala. Ukungu umekaa barabarani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Salfa ya mikorosho imetua mpaka juu ya chai.
Chitanda anawasha pikapu yake ya kuuzia maji
na mbele ya injini inaanza:
kra-kra-kra-kra, misumari inakorogwa koponi,
sekunde nane, tisa,
oili ikipanda inatulia,
inajifanya haikusema kitu.

Nimesikia. Baba hakusikia.
Mashine za kukoboa na malori ya korosho
vimemla masikio. Limebaki la kushoto,
nalo linashika vizuri neno moja tu: deni.

"Mafundi watatu," Chitanda anahesabu vidole.
"Wa kwanza kapanga valvu.
Wa pili kaondoka na pampu yangu nzima, kaniachia mbovu.
Wa tatu kasema ni shetani, na kanitajia bei."

Asubuhi ya pili, injini ingali baridi,
nikavua mkanda wa feni, nikawasha.
Kelele ileile.
Basi si altaneta, si pampu ya maji;
hao wawili nikawaachia huru.

Nikazima, tukasubiri ipoe hadi kesho yake.
Baba akaja na bisibisi ndefu, ya mpini wa mti.
Ncha akaigandamiza kwenye kava ya taimingi,
mpini akauuma.
Akaniashiria: washa.
Nikaona shavu lake likitetemeka.
Akahamisha ncha, juu, kati, upande wa tenshena,
macho kayafumba kama anayeonja chumvi.
"Cheni," akasema, mate yakilifuata neno.
"Imelegea. Na reli yake imekatika,
inajipiga kwenye chuma kitupu."

Chitanda akanivuta nyuma ya matairi.
"Jumamosi anakuja Mwalimu Skolastika, kutoka Mnyambe,
na hela ya mkopo mkononi.
Nitilie oili nzito, ile ya matrekta.
Inyamaze siku mbili tu.
Mzee wako hatajua. Si hasikii?"
Noti mbili za elfu kumi, zimekunjwa ndogo kama dawa.

Sitasema nilikataa.
Nilizitia mfukoni, nikaenda kwenye kopo la oili.
Kwanza nikafungua bolti ya sampu, nimwage ya zamani:
nyeusi, ikimeta vumbi la chuma,
na ndani yake kidole changu kikagusa kitu,
kipande cha plastiki, rangi ya chai ya rangi,
kama jino la mtoto.
Nikaiona cheni ikiruka meno kwenye mteremko wa Kitangari,
valvu zikikutana na pistoni,
Mwalimu ameshika usukani, na madumu nyuma.

Baba akaliona kopo.
"Oili hiyo ya nini?"
Nikanong'ona. Akatega sikio: "Eh?"
Nikasema. "Eh?"
Mtu hawezi kumnong'oneza baba yangu.
Nikapaza sauti mpaka koo likauma:
"YA KUINYAMAZISHA! AIUZE JUMAMOSI!"
Akina mama wa ming'oko, ng'ambo ya barabara,
wakaacha kumenya.

Chitanda akakumbuka ghafla
kwamba alikuwa anataka cheni mpya tangu zamani.

Ilifika na basi la Masasi, imefungwa gazetini.
Tukazitundika mbili kwenye msumari mmoja:
ya zamani imeshuka zaidi, upana wa kidole.
Tukaweka tenshena, reli, gasketi,
alama juu ya alama, ya chini na ya juu,
kisha spana, na mkono, polepole,
mizunguko miwili kamili kabla ya kuthubutu ufunguo.
Mara ya kwanza alama hazikukutana. Jino moja.
Tukafungua tena. Ming'oko ikapoa sahanini.

Alhamisi alfajiri, baridi ya kukunja vidole,
Chitanda akawasha.
Baba akauma mpini. Akakaa hivyo muda mrefu
kuliko ilivyohitajika.

Nikatoa zile noti mbili, nikazirudisha.
Chitanda akazitazama, akazitia mfukoni,
akaninong'oneza, chini kabisa,
kwamba cheni ataimalizia korosho zikiuzwa,
iwe kama deni.

"Deni?" akasema baba
kutoka chini ya gari lingine.