Kibandiko

Kazi yangu dukani kwa Famau, pale Langoni,
ni kuandika vikaratasi vya bei kwa Kiingereza.
Yeye mbao huzijua kwa kunusa:
mvule, mfenesi, mpingo.
Herufi ameniachia mimi.

Wiki ya kwanza niliandika old kila mahali.
Old juu ya sinia, old juu ya mrashi,
old juu ya mbuzi ya nazi.
Famau akaja, miwani kwenye kipaji:
"Mwanangu, hili neno lanila faida.
Jana mgeni kalisoma, kaniuliza kama mbuzi ingali yakuna."

Akanisomesha kwa bei, kamusi hana:
old ni mia nane.
Ancient ni ya magofu, ukiiandika utaitiwa watu wa makumbusho.
Antique ndiyo yenyewe, elfu arobaini, na chai juu.
"Na vintage?"
"Hiyo ya vijana wa Nairobi. Elfu kumi na mbili,
wakilia, kumi."

Nilicheka. Usiku nikayapima kwa lugha yangu
nikaona nasi hatupungui.
Nguo ikichoka ni kuukuu, yapigiwa deki.
Mji ni wa kale hata ukinuka mavi ya punda.
Mtu akizeeka na shida zake ni kizee,
akizeeka na nyumba tatu Mkomani ni mkongwe.
Nasi pia twauza kwa neno,
ila hatubandiki.

Jumanne punda akasimama mlangoni,
kiti mgongoni, miguu juu.
Nilikijua kabla hakijashushwa.
Mpingo, njumu za pembe,
mkono wa kulia umelika shimo dogo
pale Bibi Mwanate alipokuwa akisugua kidole gumba
akihesabu uradi wake bila tasbihi.
Ami Bwanaheri hakunitazama, alitazama dari ya duka.
"Paa lavuja," alisema.
Sikumjibu.

Famau akakizunguka kiti mara tatu, akagonga, akanusa,
akamhesabia ami noti, akanambia, "Andika,"
akaenda zake kuswali adhuhuri.

Nikabaki na kalamu.

Antique: wino wataka kutoka wenyewe.
Neno hilo lingekivika pamba na kukipandisha ndege
hadi chumba cha watu
ambamo hapana atakayethubutu kukikalia.
Ancient: Bibi kafa mwaka juzi,
jasho lake li mle kambani.
Vintage: angedhani ni ugonjwa wa kuku.
Aged: nikakumbuka jibini kwenye menyu ya hoteli kule Shela.
Elderly ni neno la adabu, lakini la watu,
na kiti hakina goti la kuuma.

Nikaandika used.
Neno la magodoro, la sindano za hospitali,
neno ambalo mgeni halipigi picha.
Chini yake, mia tisa.
Kisha nikakaa,
mara ya kwanza tangu arubaini yake,
na kidole gumba kikaliona shimo lake.
Kimetumika.
Hapana. Kimekaliwa.

Famau alirudi, nyayo zimelowa.
Akasoma, midomo ikicheza.
"Hili hujapata kuliandika."
"Ndilo lake."
Akaniangalia nilivyokaa, akaangalia kidole.
"Nimempa ami yako elfu kumi na nane, Somoe.
Andika upya."

Kwenye droo mlikuwa na vikaratasi vya wiki ya kwanza,
havijatupwa, Famau hatupi kitu.
Nikatoa kimoja,
nikaongeza herufi moja, S, mbele ya neno,
nikakibandika juu ya mpingo
na sikusimama.

Famau akashusha miwani.
Akaanza kuhesabu kwa vidole miezi ya mshahara wangu,
akamaliza mkono mmoja,
akaanza wa pili.